Mawe ya Vumbeni

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Mmemsikia mama yenu akimjibu jirani hivyo, na sasa mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Lilitoka njiani, kwa mwanamke aliyekuwa akiwacheka wenzake, na lilianza hivi.

Zamani palikuwa na sultani aliyejenga kinu kikubwa cha kuzungushwa na ngamia, akapiga marufuku watu kusaga majumbani mwao. Kila mwenye nafaka aipeleke kwake, na kila anayesaga aache sehemu. Watu walivumilia miaka mitatu. Wa nne ulikuwa mwaka wa njaa, na vijana wa miji miwili, Vumbeni na Msufini, waliungana wakakitia kinu moto.

Askari walikuja, na uasi haukumaliza hata wiki. Sultani akadai jambo moja tu: aletwe mtu aliyewasha moto. Wazee wa Msufini, ambao kuapa kwao kulikuwa kwepesi, waliapa kwamba hakutoka kwao. Wakasamehewa. Wazee wa Vumbeni walisema hawamjui, basi ukahukumiwa mji mzima, aliyeasi na asiyeasi. Kila nyumba itoe kijaa chake, lile jiwe la kusagia, na mwanamke wa nyumba hiyo alibebe kichwani mpaka ikulu, mwendo wa siku nzima. Huko mawe yatandikwe uani, askari wawe wakiyakanyaga. Mimi nikifika hapa hupandwa na hasira. Mtoto anayenyonya kakosa nini hata akose uji?

Siku hiyo Mwanakombo wa Msufini alikuwa katika njia hiyo hiyo. Mji wake ulikuwa ukipeleka usufi wa kujazia mito ya sultani, shukrani ya kusamehewa, na kanda zima la usufi kichwani ni kama hukubeba kitu. Moyoni alikuwa na huzuni yake: kaka yake Shomari hakuonekana tangu siku ya moto, wala hakuna aliyejua kama yu hai. Lakini huzuni haikumfunga ulimi. Alipowafikia wanawake wa Vumbeni wakijikokota, alimsogelea bibi mmoja aliyeachwa nyuma, jina lake Bi Mize.

"Shikamoo, bibi. Mbona mwalia kama mmefiwa? Si mawe ya kusagia tu hayo! Sisi kwetu twayasogeza kila siku tukifagia."

"Marahaba, mwanangu. Basi nipokee kidogo, nipumue."

Wakabadilishana. Mwanakombo akajitwika jiwe huku bado anacheka. Hatua ya kumi kicheko kilikwisha. Hatua ya hamsini shingo ilikuwa ikitetemeka, na jasho likamwingia machoni.

"Bibi, mngemtaja tu huyo mtu," akasema. "Mnajiua kwa ajili ya nani?"

Bi Mize alitazama mbele na nyuma. Askari walikuwa mbali.

"Wewe si binti wa Mzee Faki?"

"Ndiye mimi. Umenijuaje?"

"Umefanana na kaka yako. Shomari yuko kwangu darini, mguu umeungua. Ndiye aliyewasha moto. Alikimbilia mlangoni kwangu nikamfungulia, na mji mzima unajua."

Mwanakombo alisimama. Bi Mize akamshika kiwiko.

"Tembea, mwanangu. Ukisimama watauliza."

"Lakini bibi, Shomari si wa kwenu! Mbona hamkumtoa?"

"Mtu akishavuka kizingiti changu ni mwanangu. Kumtoa, kwetu hatukufundishwa."

Mwanakombo alilia kimyakimya, na jiwe hakulirudisha. Alilibeba mpaka ikulu, akalitua uani kwa mikono yake. Askari mmoja aliyemwona akipokea kanda lake la usufi kwa Bi Mize akauliza, "Wewe si wa Msufini? Ninyi mmesamehewa. Jiwe la nini?"

"Nimempokea bibi," alijibu. Neno moja zaidi lingemuua kaka yake. Askari akacheka, akalikanyaga jiwe, akapita.

Aliporudi kwao aliwakuta wanawake kisimani wakisimuliana habari za Vumbeni.

"Eti wamelia njia nzima! Kwa mawe ya kusagia!"

"Wangejua kuapa kama sisi!"

Mwanakombo alisimama kati yao, shingo imekaza hata hawezi kugeuka. Alitamani kuwaambia kwamba mawe yale yalikuwa ya Msufini, na kwamba kijana wa Msufini anapumua kwa sababu yamebebwa na wengine. Hakuweza kuyasema hayo, wala hakuyasema mpaka sultani alipozikwa, miaka mingi baadaye. Siku ile alijaza mtungi wake, akawatazama mmoja mmoja, akasema:

"Chekeni tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."