Kwa Nini Jina Huvuka Pasipovuka Damu

Kwaru. Ni sauti hiyo moja tu iliyosikika katika usiku wa kaskazini, ule usiku wa miezi miwili, wakati jua halichomozi kabisa.

Wajukuu zangu, zamani hizo mtoto alirithi jina la marehemu wa ukoo wake tu. Wazee wetu walikuwa wamefika karibuni kutoka magharibi, wakawakuta Watuniit, wenyeji wa barafu hii, katika nyumba zao za mawe. Mmoja wao, mjane, aliishi jirani na Niviaq, mke wa Tulugaq. Niviaq alitoboa tundu la sindano kwa keke, kile chombo cha kutobolea kwa kuzungusha, mara moja, likawa duara. Mjane hakuwa na keke. Aliukwaruza mfupa kwa ncha ya jiwe, kwaru, kwaru, mpaka tundu lifunguke, jembamba kama jicho la mwenye usingizi.

"Dada, utamaliza kabla jua halijarudi?" Niviaq alimtania.

"Jua lenyewe halina haraka," mjane alijibu.

Siku moja barafu ilipasuka, Tulugaq akazama mpaka magotini. Alirudi akicheka. Viatu vyake vya ngozi ya sili alishonewa na mjane yule, na miguu ilikuwa mikavu. "Mke wangu, njoo ushike! Mishono hii haipitishi hata pumzi."

Niviaq alishika. Mikavu kweli. Tangu hapo kila kwaru ilimkwaruza yeye moyoni. Akaeneza kambini kwamba sauti ile inawafukuza sili. Watu waliamini, wakaacha kumpelekea mjane nyama. Jua liliporudi, sauti ilikuwa imekoma. Walimkuta amekufa, sindano mkononi.

Hakuacha ndugu. Na jina la maiti, kwa desturi yetu, halitajwi mpaka apatikane mtoto wa kulibeba. Niviaq alifurahi. Asiyetajwa amekwisha.

Mwaka huohuo alijifungua msichana. Mtoto alilia, akakataa ziwa. Mama mkwe alimwita kwa majina yote ya ukoo, moja baada ya jingine; alilia tu. Siku ya tatu sauti ilikauka, ikabaki kooni: kwaru, kwaru.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema, "mtoto anadai jina. Lipo moja unalolificha."

"Yule si wa damu yetu!"

"Basi mzike mwanao pamoja na damu yako."

Na tangu siku hiyo, kwetu jina haliulizi damu. Kiangazi kilichopita wachimbaji wa mambo ya kale walitoa ardhini sindano za matundu ya duara, na chini zaidi zile za matundu membamba. Wakapima mifupa, wakasema damu ya Watuniit haimo miilini mwetu. Sikubisha. Lakini waliposema hakuna aliyebaki, nilicheka, kwa sababu mimi bibi yenu ninabeba jina lile ambalo Niviaq alilitamka hatimaye sikioni mwa mwanawe: "Nyonya, Mitiq."