Mkeka wa Unganishi

Tunu alishika kovu la gotini mwake, akamwuliza bibi yake kwa nini hapaoti vinyweleo. Bi Mgeni, aliyekuwa ndani kwenye eda ya mumewe, alimsogeza karibu, akaanza kusimulia polepole.

Mwenyezi Mungu alipoumba mwili, aliweka humo ndugu wanne. Dada mkubwa, Ngozi, alifunika nje, na utando wake mwembamba akautandaza mpaka mdomoni na tumboni. Msuli alivuta na kuachia. Miguu ikatembea, moyo ukapiga. Neva alipeleka habari: hapa pamoto, pale pamechomwa. Kitinda mimba alikuwa Unganishi. Yeye alikaa katikati ya wenzake akiwashikanisha. Mifupa, mafuta na kano zote zilikuwa kazi ya mikono yake, lakini hakuna aliyemtaja, maana alikuwa mkimya.

Siku hizo jeraha kubwa lilikuwa halifungi. Basi mwili ukaanguka kwenye mawe, na kipande kizima cha Ngozi kikabanduka gotini. Watoto wake, zile chembe ndogondogo zilizokaa pale, walikufa wote. Damu ikatoka, vumbi likaingia. Watoto waliobaki kandokando walijaribu kutambaa wakutane, lakini pengo lilikuwa pana mno. Ngozi alilia. Neva alipiga kelele kutwa nzima. Msuli akasema, "Hapa hapazibiki. Mwili huu unakwisha."

Ndipo akaja Unganishi, mkeka kwapani.

"Dada, nimekuja kulala matanga."

"Wewe nawe!" Msuli akamcheka. "Kuvuta na kuachia hujui, habari huwezi kupeleka. Utafanya nini hapo?"

"Nitakaa."

Akautandika mkeka palepale pengoni. Akatoa nyuzi zake mwenyewe, akausuka uwe mnene, akiupeleka huku na huku, hata damu ikakoma na watoto wa Ngozi wakapata pa kukanyaga, wakavuka.

Siku ya arobaini matanga yaliondolewa, kila mmoja akajiandaa kurudi kwake. Unganishi hakuinuka.

"Nikikunja mkeka huu, dada, pataachana tena."

Ngozi alimshika mikono. Msuli alitazama chini. Wote wanne wakamwomba Mungu amruhusu Unganishi abaki, naye Mola akaridhia. Ngozi akasema mahali pale hapatapambwa, kwa kuwa pana msiba: hapataota nywele wala kutoka jasho. Neva naye akaahidi, "Mimi nikipita hapo nitanong'ona."

Na tangu siku hiyo, panapoondoka kipande kikubwa cha ngozi huja kovu: gumu kidogo, laini juu, halina vinyweleo, na ukiligusa husikii sana.

Tunu alilifunika goti kwa kiganja. "Kwa hiyo, bibi, mpaka leo yuko matangani?"

"Yuko, mjukuu wangu," alisema Bi Mgeni. "Ndiyo maana goti lako limeshikana, nawe unakimbia."