Kikapu cha Pili cha Nakijwa

Mzigo wa kichwa kimoja ndio ufikao nyumbani. Asubuhi mmenisikia nikimwambia dada yenu hivyo, mkacheka, mkataka kujua ni nani aliyelitunga neno hilo. Halikutungwa. Lilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akitetemeka. Kaeni niwaeleze.

Zamani, huku kwetu milimani Upare, wanawake wafinyanzi walichimba udongo katika shimo moja lililoingia ubavuni mwa kilima. Mdomo wake ulipitisha mtu mmoja, naye akitambaa. Sharti lilikuwa hili: unaingia peke yako, mwenzako anabaki nje akisikiliza, unatoka na kikapu kimoja, basi. Kwa siku hiyo huingii tena. Wala hakuna aliyegusa ukuta wa nyuma, maana ndio uliobeba kilima.

Nakijwa alikuwa mfinyanzi hodari. Vyungu vyake vilimlisha yeye na wanawe watatu, wala hawakulala njaa. Lakini tangu jirani yake aezeke bati, moyo wake haukutulia. Kila mvua iliponyesha, aliona kama bati lile linamcheka. Mchuuzi mmoja alipotangaza kwamba atanunua vyungu vyote vitakavyoletwa gulioni, Nakijwa akasema, "Mungu amenikumbuka."

Akaenda shimoni na wifi yake, Nanzia. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nakijwa akatoa kikapu chake, akakiweka chini, kisha akageuka kuingia tena.

"Wifi, umesahau nini humo?" Nanzia akauliza.

"Bati langu."

"Ala! Siku hizi mabati yanachimbwa?"

"Cheka tu. Nikishaezeka, usije kwangu kujikinga mvua."

Akaingia. Nanzia akatega sikio. Jembe lilisikika mbali kuliko kawaida, akatambua kuwa mwenzake anachimba ukuta wa nyuma. Kisha akasikia sauti nyingine, ndogo: punje za udongo zikidondoka taratibu, kama mtu anayepeta mtama gizani.

"Nakijwa! Toka!"

"Nakuja."

Mikono ikatokea, kisha kichwa, kisha mabega. Kiuno hakikuja. Kumbe alikuwa ameufungia udongo kwenye kanga, akajifunga fundo kiunoni ili auburute akitambaa, na furushi lilikuwa limekwama nyuma yake.

Nanzia akavuta. Ndani kitu kizito kikaanguka, na pumzi ya baridi ikampiga Nanzia usoni.

"Fungua kanga!"

"Ni udongo mzuri, wifi, hauna hata kokoto. Vuta kidogo tu!"

"Wanao nitawaambia nini? Fungua!"

Nakijwa akapeleka mkono kiunoni. Alipozungumza tena, sauti haikuwa yake.

"Fundo limelowa. Halifunguki. Nanzia, usiniache."

Nanzia angeweza kukimbia, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaita jina la Mungu, akachukua kisu alichokatia majani ya kata ya kuwekea mzigo kichwani, akalala kifudifudi, akapenyeza mkono mpaka begani. Alikata kwa kupapasa, udongo ukimwagika shingoni mwake. Kanga ikaachia. Wakabiringika pamoja hadi chini ya mteremko, na nyuma yao kilima kikaketi. Mdomo wa shimo haukuonekana tena.

Wanawake waliosikia kishindo wakaja mbio. Wakamkuta Nakijwa amekumbatia kikapu chake, meno yakigongana. Nanzia alipowasimulia, mmoja wao, mwenye ulimi mkali, akamwambia, "Kumbe ulikuwa unachimba bati. Hicho ndicho kilichotoka?"

Nakijwa hakukasirika. Alitazama pale palipokuwa na mdomo wa shimo, akasema polepole, "Mzigo wa kichwa kimoja ndio ufikao nyumbani. Wa pili umebaki, na ulitaka nibaki nao."

Nanzia akamtwika. Wakashuka, na wale watoto watatu walipomwona mama yao kwa mbali wakamkimbilia, wakimwomba uji, hawajui lolote.