Bawabu wa Tumbo la Fisi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Aliyelala?"

"Mfinye!"

"Anayeogopa?"

"Asogee!"

Sogeeni basi, maana hii ya leo hata mimi mwenyewe hunitisha.

Hapo kale palikuwa na Fisi, mlafi wa kupindukia. Mizinga yote ya nyuki ya bondeni aliifanya yake. Asubuhi masega matatu, mchana masega matatu, jioni masega matatu. Mwenzake akiomba hata nta ya kulamba, anaonyeshwa meno.

Halafu mambo yakamgeuka. Anakunywa maji, gubu-gubu-gubu, kiu haikati. Anakojoa, chururuu, anageuka, anakojoa tena. Anakula, anakonda. Anakula, anakonda. Ngozi ikabaki inaning'inia kama shuka kwenye kamba.

Siku moja jua la utosi, saa ambayo hata ndege hunyamaza, Fisi alikojoa chini ya mkwaju. Kugeuka, akawaona sisimizi. Wamekuja kimya, mstari mmoja, wakapazunguka pale palipolowa. Akahamia kwenye mgunga, akakojoa. Sisimizi hao. Akakimbilia mwambani, akakojoa. Sisimizi hao, kimya, mstari mmoja.

"Mnataka nini?" akauliza.

Wakazidi kuja.

Manyoya yakamsimama. Mstari wa namna ile aliwahi kuuona mara moja tu, watu wa kijijini walipokuwa wakisindikiza maiti. "Wananisindikiza mimi," akawaza, na kweli aliogopa.

"Nikipata nyama laini nitapata nguvu," akajiambia. Akaenda mpaka shimoni kwa Bi Kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba mgongoni, aliyekaa na mwanawe mmoja tu.

"Hodi! Nitolee mwanao nimle, la sivyo nitawala nyote wawili!"

Bi Kalunguyeye alimsukuma mwanawe nyuma yake. Akanusa.

"Pumzi zako zinanuka mapera yaliyooza, Bwana Fisi. Una kiu?"

"Ninayo."

"Unakojoa?"

"Mno."

"Unakula, unakonda?"

"Nani kakwambia?"

"Hao walio nyuma yako."

Fisi hakuthubutu kugeuka.

"Pole, baba. Bawabu wako amekufa."

"Bawabu gani?"

"Nyuma ya tumbo lako kuna kipande cha nyama kinaitwa kongosho. Humo hukaa bawabu, jina lake Insulini, kashika ufunguo. Sukari ikija, yeye huifungulia milango, mwili ukala. Sasa hakuna wa kufungua. Sukari inazunguka damuni, inabisha hodi, mwishowe inatoka na mkojo, sisimizi wanaifuata, nawe unakufa njaa huku umeshiba. Fumba macho usikilize."

Fisi akafumba macho. Ndani yake: ngo. Ngo. Ngo. Mtu anabisha, na hakuna anayeitika. Ulikuwa moyo wake tu, lakini nani wa kumwambia?

"Nifanyeje, mama?" Chozi likamdondoka.

"Niletee kongosho la ng'ombe. Bawabu wa ng'ombe anaijua milango yako pia."

Akaleta mbiombio. Bi Kalunguyeye akatwanga, twa, twa, twa, akakamua, akachovya mwiba mmoja, akamdunga tumboni. Chomo!

"Yalaa!"

Kufika jioni, kiu imepungua. Kesho chomo, keshokutwa chomo. Siku ya nne Fisi alikojoa, akageuka: hapana hata sisimizi mmoja. Akacheka, hiii-hi-hi! Akaenda shimoni huku mate yakimtoka.

"Nimepona! Leo nawala nyote wawili."

"Karibu utule," akasema Bi Kalunguyeye, ingawa moyo ulikuwa ukimwenda mbio. "Lakini bawabu wa jana amemaliza zamu yake jana. Kesho nani atakudunga?"

Fisi akafunga mdomo. Koo lake lilikuwa limeanza kukauka. Akageuka taratibu, akatazama alikotoka. Kule mbali, chini ya mkwaju, mstari mmoja ulikuwa unajipanga, kimya.

"Na mwanangu?" akauliza Bi Kalunguyeye.

"Mwanao... mwanao nitamlinda mwenyewe."

"Vizuri, maana ndiye nitakayemfundisha kudunga. Asali yote uiache, iletwe hapa kwangu. Na kuanzia kesho, kongosho lije pamoja na maini."

"Maini? Maini nayo yanafungua mlango gani?"

"Mlango wangu mimi."

Fisi akainamisha kichwa, akaenda kutafuta maini.

Ngano imekwenda zake. Tulioisindikiza, turudi salama.

Na fundisho lake, wajukuu zangu, ni hili: ukimtibu mwenye meno, usimponye kabisa.

"Aa, bibi! Hilo si fundisho zuri!"

Hamlitaki? Basi chukueni lingine: ulafi ni mbaya sana. Ndivyo alivyosema Bi Kalunguyeye mwenyewe, akamwambia mwanawe ampakulie sahani ya tatu ya maini.