Ng'ombe Aliyechapwa kwa Kuitika

Wapendwa, kaeni vizuri, na mwenye mtoto wa kulia amnyonyeshe kabisa, maana habari hii haitaki kukatwa katikati.

Alikuwako mfugaji mmoja kwenye nyanda kavu, kule ambako mto kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na watu huchimba visima humo humo mtoni ili wapate maji. Jina lake tuliache. Nikilitaja, nusu yenu mtadhani ninamsema jirani, na nusu iliyobaki mtajua ninawasema ninyi.

Mtu huyu shamba hakuwa nalo, duka hakuwa nalo. Alikuwa na kundi la ng'ombe, na kwa ng'ombe hao watoto wake walikula, walivaa na walitibiwa. Kundi lile likipotea, nyumba ile imekwisha. Na kundi zima lilikuwa na kichwa kimoja, jike mkubwa mwenye kengele shingoni, jina lake Madoa. Wenye mifugo mnanielewa. Ng'ombe hawamfuati mwenye fimbo, wanamfuata mwenzao. Madoa akienda, wote wanaenda. Madoa akilala, wote wanalala.

Sasa, Madoa alimfuata nani? Alifuata mluzi. Tangu akiwa ndama, bwana wake alipiga mluzi mmoja mrefu, unaopanda mwishoni, na Madoa akija alikuta kiganja kimefunguliwa, kina punje za magadi. Ng'ombe anapenda magadi jinsi watoto wenu wanavyopenda sukari. Akilamba, anakunwa nyuma ya masikio, basi. Mafunzo yote yalikuwa hayo. Hakuna aliyemweleza Madoa kitu, na wala hakuna lugha ambayo angeelezwa akaelewa. Lakini jioni, hata kama yuko mbali malishoni, mluzi ukilia aliacha majani, akainua kichwa, akaja, na kundi lote nyuma yake, vumbi likitimka.

Mfugaji aliyaona hayo kila siku na hakuyazoea. Alikuwa akisimama pale akitazama, na moyo wake ukijaa. Mnyama mwenye pembe, mwenye uzito wa kumkanyaga mtu akamwua, anakuja mbio kwa ajili ya pumzi tu iliyotoka mdomoni! Jamani, hili si la kushangaza? Ni nani aliyeweka jambo hilo ndani ya kiumbe, kwamba akumbuke alichotendewa jana, na leo ageuze njia yake kwa sababu hiyo?

Basi. Mwaka mmoja mahindi yalikubali. Pembeni mwa malisho palikuwa na shamba la mama mmoja mjane, mama hodari wa jembe na hodari zaidi wa maneno. Siku hiyo mfugaji alikuwa amejisahau kwenye soga na wafugaji wenzake, na Madoa akayaona mahindi. Akaingia. Wenzake nao wakaingia. Yule mama alikuja akipiga kelele tangu mbali, khanga imemdondoka begani.

"Wewe baba! Unafuga ng'ombe au unafuga wezi?"

Mfugaji akaruka, akapiga mluzi. Na sikilizeni hapa, wapendwa. Madoa alikuwa katikati ya mahindi mabichi, matamu, bua moja linaning'inia mdomoni. Aliposikia mluzi aliliachia lile bua. Akatoka shambani peke yake, bila kusukumwa na mtu, akaja moja kwa moja hadi mbele ya bwana wake, akanyoosha shingo kutafuta kiganja.

Akakuta fimbo.

Alichapwa puani, akachapwa shingoni, akachapwa mpaka fimbo ikakatika. Maana yule mama alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, anataka kuona kwa macho yake. Aibu ina nguvu. Mtu akiaibishwa mbele za watu, hutafuta haraka wa kumpiga mbele za watu hao hao.

"Hapo sawa," mama akasema. "Sasa atakoma."

"Atakoma," mfugaji akajibu, akihema.

Lakini hakukoma, kwa sababu mahindi yalikuwa bado matamu, na soga nayo bado tamu. Ikawa hivyo mara nyingine, na nyingine tena. Na kila mara utaratibu ulikuwa ule ule. Akiwa ndani ya shamba hakuna anayemgusa, maana ni nani angemfuata humo akayakanyage mahindi zaidi? Anaitwa kwanza. Akifika, anachapwa. Yale magadi mfugaji aliacha hata kuyabeba. Alisema ng'ombe mwizi hapewi zawadi.

Jioni moja mkewe alikuwa akikamua, akamwambia, "Baba watoto, umeona Madoa siku hizi anaingia zizini wa mwisho?"

"Ndiyo adabu hiyo. Amejifunza."

"Amejifunza nini?"

"Si kuacha mahindi ya watu! Wewe ulitaka ajifunze nini?"

Mkewe aliendelea kukamua, na mfugaji akaenda kunawa mikono akiwa ameridhika kabisa na kazi yake.

Ikaja siku ya joto kali. Mchana ng'ombe walikunywa kwenye visima vya mtoni, kisha wakalala pale pale kwenye mchanga, maana chini yake ni baridi. Mfugaji alipanda ukingoni kunyoosha mgongo. Juu yake mbingu zilikuwa safi, lakini milimani kulikuwa kumejifunga tangu asubuhi, weusi mtupu. Mara akasikia kitu kwenye nyayo kabla hajakisikia masikioni. Ardhi ilikuwa ikitetemeka. Halafu ukaja mngurumo, mzito, usiokatika. Watu wa mito ya mchanga wanaujua mngurumo huo, na hawaulizani.

"Maji!" Yule mama mjane alikuwa akipanda ukingo na ndoo yake, akaitupa. "Maji yanakuja! Waite! Waite ng'ombe wako, baba!"

Mfugaji akapiga mluzi.

Madoa akainuka. Kundi lote likainuka, likamtazama yeye. Naye akamtazama bwana wake pale juu, akamtazama vizuri, kisha akageuka. Akaanza kwenda upande wa pili, kati kabisa ya mto.

Mfugaji akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Madoa akaanza kukimbia, kengele ikilia, na kundi nyuma yake. Akapiga mara nyingine, na kwa kila mluzi ng'ombe wake wakazidi kwenda mbali, utadhani anawatupia mawe.

Hapo ndipo alipoelewa. Na alipoelewa, mwili wake wote ulisisimka, maana aliona jambo kubwa kuliko yeye. Madoa hakuwa amesahau. Madoa hakuwa mkaidi. Yule ng'ombe alikuwa amelishika somo lake barabara, neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Kwa kula mahindi hakuwahi kuchapwa hata siku moja. Alichapwa kwa kuitika. Na mwalimu wake alikuwa nani? Alikuwa amesimama ukingoni, fimbo mkononi, anapiga mluzi.

Akaitupa fimbo. Akateremka mtoni.

"Unakwenda wapi?" yule mama alipiga yowe. "Utakufa, baba! Rudi!"

Hakurudi. Na hakukimbia, kwa sababu angekimbia, naye Madoa angekimbia. Hebu fikirini. Mngurumo unakuja, mchanga unacheza chini ya miguu, na mtu anatembea taratibu. Alipokaribia alipiga magoti. Akafungua kiganja, akaanza kumwita kwa jina, kwa sauti ya chini, vile alivyokuwa akimwita zamani akiwa ndama.

"Madoa. Madoa wangu. Njoo, mama."

Madoa akasimama. Ngozi yake yote ilikuwa ikitetemeka. Kati yake na bwana wake zilikuwepo fimbo zote zile alizokula. Ninyi mngekuja? Alipiga hatua, akasita, akapiga nyingine, akanusa. Kisha akatoa ulimi, akalamba. Kiganjani hamkuwa na magadi. Kilikuwa na jasho tu, jasho la mtu aliyeogopa, na jasho lina chumvi.

Akalamba tena. Mfugaji akainuka polepole, akageuka, akaanza kupanda ukingo bila kutazama nyuma, na Madoa akaja naye bega kwa bega, na kundi lote nyuma yao. Ndama wa mwisho alikuwa bado anaparamia udongo wa ukingo maji yalipopita. Mekundu, marefu kuliko mtu, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Pale alipokuwa amepiga magoti palitoweka. Yule mama hodari wa maneno alikaa chini, akashika kichwa, midomo ikienda bila sauti.

Mfugaji akamgeukia Madoa. Furaha ilikuwa imemjaa hadi kooni. Akainua mkono amkune nyuma ya masikio.

Madoa akafumba macho, akainamisha kichwa, akasubiri kupigwa.

Mnaona? Alikuwa amekuja, na bado alikuwa akitegemea kipigo. Alidhani hiyo ndiyo bei ya kuja, na bado alikuja. Mwanamume yule alimkumbatia ng'ombe shingoni mbele ya watu, akalia kama aliyefiwa.

Ndugu zangu, sisi tumefundisha nini? Siulizi tulitaka kufundisha nini. Hilo kila mtu analo jibu lake zuri. Mtoto amevunja sahani. "Nani amevunja?" Anasema, "Ni mimi, mama." Kofi! Kesho sahani nyingine. "Nani amevunja?" "Ni paka." Halafu tunaketi hapa na kushangaa, uongo huyu mtoto kautoa wapi? Mume amejikaza, ameacha kilevi, amerudi nyumbani jua bado liko juu. Anapokelewaje? "Leo kulikoni, wamekufukuza?" Mnacheka. Haya, chekeni, lakini kesho msimtafute mapema.

Kiumbe cha Mungu kinajifunza, wapendwa. Kinajifunza usiku na mchana, kwa uaminifu wa kutisha, na hakijifunzi tunachosema bali kinachokipata kikifika mikononi mwetu. Hilo linapaswa kututia hofu, na linapaswa kututia unyenyekevu. Naye Mungu anajua tumekula fimbo kiasi gani, na kwa jina lake. Anajua wangapi humu wakisikia wanaitwa, mguu unarudi nyuma. Ndiyo maana hakubaki ukingoni akatuita kwa ukali. Aliteremka mwenyewe, na maji yakija.

Namalizia. Kila Jumapili katika nyumba hii kuna mtu mmoja ambaye hatujamwona muda mrefu. Leo pia yupo. Msigeuke! Ninyi mliokwisha kugeuka, hicho ndicho ninachokisema. Kilichomwondoa hapa sikijui, pengine ni kosa lake, pengine ni letu. Ninachojua ni kwamba asubuhi hii alivaa, akatembea, akapita mlango ule huku moyo ukimdunda. Na atataka kuwa wa kwanza kutoka, kwa sababu anajua maneno tuliyomwekea pale nje. "Eh, leo umetukumbuka! Ulipotelea wapi?" Yamekaa tayari kwenye ndimi zetu.

Yamezeni. Mpeni mkono, mwulizeni habari za nyumbani, mpeni nafasi kwenye kivuli mnachokaa ninyi pale nje. Wimbo tunaomalizia nao ni mfupi. Mliokaa karibu na mlango, anzeni kujiandaa sasa.