Pimbi na Bendi ya Wataalamu

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakialikana harusini kwa kadi, njaa iliingia nyumbani kwa Pimbi bila hata kubisha hodi. Watoto watatu, chungu kikavu, mke amenuna.

Basi ikasikika habari: Mzee Simba anamwoza bintiye, anataka bendi ya roki, ule muziki wa magitaa na kelele. Kila mpigaji atapewa kapu la chakula aende nalo kwake.

"Kapu zima!" Pimbi akaruka. "Mama Watoto, mimi ni mwanamuziki!"

"Tangu lini?" mkewe akamuuliza. "Si ulikuwa unavuta mivukuto ya kinanda kanisani? Mwenzio anapiga, wewe unapeleka upepo, fuu! fuu!"

"Na bila upepo wangu kingelia?"

Mungu amrehemu, ndipo uongo ulipoanzia: kwenye kweli ndogo iliyovutwa masikio.

Akawakuta wanabendi kwenye miamba. Tembo kakumbatia gitaa la besi. Kiboko kakaa nyuma ya dramu. Fisi kashika maiki.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mfupi," Tembo akasema. "Hapa hatuchukui wanafunzi. Mimi nimezunguka na bendi ya ng'ambo ya mto miaka kumi!"

"Mimi nimekulia kwenye madansi ya ziwani," Kiboko akadakia. "Pa! Pa! Dumu!" Alisema kwa mdomo tu, fimbo hakuzigusa.

"Na sauti yangu mimi ilisifiwa vijiji saba," Fisi akajisifu. "Haya, wewe umejifunzia wapi?"

Pimbi akatunisha kifua. "Kinanda cha kanisa, miaka mingi. Siku nisipofika, ibada haina muziki."

"Lo!" wakasema wote, wakampa gitaa la solo.

"Basi itabidi tufanye mazoezi," Tembo akasema, wala hakuwa na haraka.

Pimbi akaona kifo. "Mazoezi? Babu Tembo, samaki hafundishwi kuogelea! Mazoezi ni ya wanaojifunza. Sisi ni wataalamu."

"Kweli kabisa!" Kiboko akaitikia upesi.

"Umenena!" Fisi akaongeza.

"Basi tuonane harusini," Tembo akamaliza, akashusha pumzi.

Pimbi alirudi nyumbani anacheka njia nzima. "Wakubwa wajinga hawa! Tembo atanguruma, Kiboko atatwanga, Fisi atapiga kelele, nami nitachezesha vidole tu. Nani atanisikia?"

Siku ikafika. Vigelegele, ariririii! Bibi harusi akainua mguu kuanza kucheza. Pimbi akafumba macho kama alivyoona wapigaji wakifanya, akangoja wenzake waanze.

Kimya.

Akafumbua jicho moja. Tembo naye kafumba macho. Kiboko kainua fimbo zake, ziko hewani. Fisi kaachama, kinywa hakitoi kitu.

"Anzeni basi!" Pimbi akanong'ona.

"Anza wewe, bwana kinanda," Tembo akamjibu.

"Nitamtanguliaje mkubwa? Anza, Babu Tembo."

"Mimi nafuata dramu."

"Na mimi namfuata mwimbaji," Kiboko akasema.

"Nami nafuata gitaa!" Fisi akalia.

Mzee Simba akasimama. "Mbona kimya?"

Pimbi akamtazama bibi harusi. Mguu bado uko juu, unatetemeka. Aibu ikamshinda nguvu kuliko hofu. Akapiga magoti.

"Mzee, nihukumu mimi. Sijawahi kupiga chombo chochote. Nilikuwa mvuta mivukuto. Ni mimi niliyekataza mazoezi ili nisijulikane."

"Afadhali umesema," Kiboko akaguna. "Mimi nilikuwa nalinda mlango wa dansi."

"Mimi niliibebea bendi vyombo," Tembo akasema, masikio yamemwanguka.

Wote wakamgeukia Fisi. "Wewe si ulisifiwa vijiji saba?"

"Nilisifiwa, ndiyo. Kwa kutangaza misiba."

"Ala! Kumbe mjanja mimi nimewadanganya waongo!" Pimbi akajishika kichwa.

Mara huko jikoni Nyenje, aliyekuwa akiosha vikombe, akaanza: nyiririririri! Mguu wa bibi harusi ukashuka, ukacheza. Hakuna aliyemuuliza Nyenje amejifunzia wapi. Makapu yote manne yakawa yake.

Pimbi akafika kwake mikono mitupu.

"Haya, mlipigaje?" mkewe akauliza.

"Mke wangu, hatukukosea hata nota moja."

Mke akafunua chungu kikavu. Watoto wakachungulia ndani. Pimbi akakaa chini, akawaeleza yote bila kuficha, kisha akachukua jembe akaenda kuchimba mizizi juani.

Ndiyo hayo, wanangu: usichokijua kikiri ungali kwako, usingoje kukirishwa harusini kwa watu.