Ushanga wa Aliyerudi

Sogeeni karibu, na mwenye kusinzia ajikaze, maana hadithi hii ni ya usingizi.

Palikuwa na wanafunzi watatu wa chuo kikuu waliosomea kemia ya mimea. Kadzo aliujua mti kwa kunusa gome lake tu. Otenyo alikuwa na mikono mitulivu. Mchanganyiko wa vitu mia angeutenganisha kimoja kimoja. Wakesho naye alisoma michirizi inayochorwa na mashine ya maabara akakuchorea molekuli kama aliyeiona kwa macho.

Siku moja Wakesho akapigiwa simu kutoka kwao Taita. Mama yake amelala siku ya nne, macho wazi. Hospitali wamepima, hawaoni kitu. Alipofika na wenzake, alimkuta mama midomo ikimcheza kama anayejibu maswali. Akainamisha sikio. Hakusikia neno.

"Nyanya zetu walitumia gome la mti wa pangoni," shangazi yake akasema. "Waliojua ni mti upi wamekufa."

Kadzo akaenda kwenye kichaka kilicho mlangoni mwa pango wanamohifadhiwa mafuvu ya wazee wa zamani. Hapakuwa na ndege wala upepo. Akanusa mti mmoja mmoja; wa saba ukanukia dawa, na papo hapo akamsikia marehemu nyanya yake akimwita kwa jina, nyuma yake hasa. Shangazi alikuwa amemwonya asigeuke akiitwa. Hakugeuka. Akakwangua gome, akatoka.

Otenyo akalipeleka gome chuoni, akaliloweka kwenye spiriti, akaupitisha mchujo wake katika mrija mrefu wa kioo, tone kwa tone, siku mbili. Zikajaa chupa arobaini. Alipoinua ile ya mwisho, kivuli chake ukutani kilichelewa kuinua mkono. Alikiona. Akaendelea na kazi.

Wakesho akaipima chupa hiyo kwenye mashine, akaichora molekuli iliyokuwamo. Upande wake mmoja ulikuwa sumu.

"Tukimpa hivi hivi, hatapumua tena," akasema.

Akaichemsha na asidi ili upande ule ukatike. Lakini je, umekatika wote? Akaonja yeye kwanza. Saa nzima hakuihisi miguu yake, na kwa mbali alimsikia mama yake akizungumza na watu wengi.

Wakampelekea mama dawa hiyo, wakamdondoshea ulimini. Alasiri akafumba macho, akayafumbua, akaomba uji. Ngumi yake, iliyokuwa imefumbwa siku zote hizo, ikafunguka. Ndani mlikuwa na ushanga mmoja mweusi, ambao hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuuona.

"Wafu walionihoji wameniambia nimpe huu aliyenirudisha," akasema. "Ushanga huu utamlinda hadi uzeeni. Ila ni mmoja tu, kabla jua halijatua. Nikikosea, watanifuata."

"Mpe Kadzo, mama," Wakesho akasema.

"Mimi? Bila Otenyo lile gome ni kuni tu."

"Na chupa yangu ingemuua," Otenyo akasema. "Wakesho ndiye aliyeweka roho yake rehani."

Mama akawatazama mmoja mmoja, mkono umenyooshwa. Jua lilikuwa limeshagusa mlima.

Haya, ninyi mnaosikiliza, semeni upesi: ungekuwa wewe, ungeuweka kiganjani mwa nani?